Glasi ya Maziwa, Sekunde Nne

Viborg, Januari. Saa moja asubuhi na bado giza.
Thyra Bundgaard anahesabu miale,
milioni nane kwa kila fremu:
kila mmoja utoke taani, ugonge ukuta,
udunde, ufifie, ufe kwa heshima.

Kazi yake ni glasi moja ya maziwa mezani,
kabla mtoto wa hadithi hajaingia jikoni.
Mashine imekesha. Imeleta chokaa.
"Hayanyweki hayo," alisema Jeppe,
akatoka kuvuta sigara.

Basi akarudi kwenye hesabu:
mwanga usikomee juu ya utando,
uzame, upotee njia humo ndani,
utokee kwingine, umechoka, una wekundu kidogo.
Akatia vumbi hewani. Akatia alama ya kidole
kwenye kioo, kidole cha mtu
ambaye hadithi haimjui.

Saa tatu kasorobo jua likachungulia,
jua la huko, la mkopo.
Likapita dirishani bila kuhesabu kitu,
likamkuta ameinua mkono kukinga macho,
na kingo za vidole vyake zikawaka kama makaa.

Mkono wa mamake ulikuwa hivyo
juu ya taa ya baiskeli, wakitoka zizini,
ndoo mkono wa pili:
tazama, Thyra, hata damu ina dirisha.

Hakupiga picha.
Aliandika namba tatu pembeni mwa karatasi,
akafuta moja,
akabonyeza.

Asilimia mbili. Asilimia mbili.
Tatu.