Wayo Mzima

Sanduku liliteremshwa Wete siku ya Alhamisi,
ubavuni lina picha: mwanamume wa kofia ya manyoya
kapanda kigari juu ya kitu cheupe.
"Chumvi," alisema Kheri, mwanafunzi wangu.
"Pamba," alisema mwenye gari la ng'ombe.
Nikawaambia theluji. Wakanitazama
kama mtu anayejitapa kwa shemeji wa Ulaya.

Mimi ni fundi wa vespa na majenereta.
Mikanda ya mpira sijapata kuifunga.
Lakini ushirika wa mwani wa Maziwang'ombe
ulichanga miaka mitatu, taitai kwa taitai,
nami nilishasema "naweza",
na neno likishatoka halina gia ya nyuma.

Kigari chenyewe ni cha watu wawili, bega kwa bega,
magurudumu yana meno kama mamba.
Kilikwishazama mara tano.
Mara ya tano kilivutwa kwa kamba za mwani,
wanawake kumi na tisa, na matusi ya heshima.

Jeki. Jiwe. Spana ya kumi na tisa.
Nati zimeng'ang'ania kutu kama ukoo na shamba la urithi;
nikazimwagia mafuta, nikazibembeleza,
moja ikakatika kichwa.
Magurudumu yakaegemea ukutani
kama wageni walioambiwa wali bado.

Kisha mikanda, minne, kila mmoja pembetatu,
uzito wake mbuzi wawili wa arusi.
Tukainua, mimi na Kheri na mpita njia:
tundu likikubali, boliti inakataa;
boliti ikikubali, mgongo unakataa.
Mkono wa chuma wa kuuzuia mkanda usijipindue
nikaukaza kwenye fremu.
Fenda ikagusa mpira. Nikaikata kwa msumeno,
aliyeichora anisamehe.

Bi Mize Shaame akaja na hesabu kwenye simu
kujua zimebaki shilingi ngapi.
Akakizunguka kigari mara moja, mikono kiunoni.
"Khatibu, huu mshale unatazama wapi?"

Mshale. Juu ya mpira, mdogo kama ukucha.
Mkanda wa mbele kushoto ulikuwa unaelekea nyuma.
Sikusema kitu. Nililala chini tena
kama mtu ambaye hakuwa amepanga kunyanyuka.

"Lakini hii ni mizito kuliko magurudumu," Kheri akauliza,
"mbona kisizame zaidi?"
Nilikuwa natafuta maneno ya kifundi.
Bi Mize akavua kandambili.
"Tope halitaki kisigino. Ukilichoma, linakumeza.
Ukilipa wayo mzima, taratibu,
linakubeba kama mtoto wa mke mwenza:
halikupendi, lakini halikutupi."
Miaka ishirini na miwili yuko kule, gunia kichwani,
na hakuna aliyewahi kumwita fundi.

Siku ya bamvua maji yakapwa mbali.
Bikombo alishika usukani, mzito sasa,
kama aliyeshika pembe za fahali wa mchezoni.
Mwendo wa kobe mwenye miadi.
Tope likanung'unika,
likafikiri,
likanyamaza.
Magunia kumi na mawili ya kotonii yakarudi yanachuruzika,
na nyuma yake njia mbili pana
kama mikeka iliyotandikwa na mtu asiye na haraka.
Kheri alipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Nilidhani nitakwenda kulala.
Chumvi haijui hongera. Kitabu kinasema,
kwa lugha nne, yetu haimo:
kioshwe kwa maji baridi kila kazi ikiisha,
kila beringi, kila kigurudumu cha ndani.
Mfereji wa Maziwang'ombe hutoka Jumatatu.
Ilikuwa Jumatano.

Basi nikawaona wanapanda kutoka kisimani,
Bikombo mbele, ndoo sita,
kata vichwani zilezile za magunia.
Bi Mize akaitua yake miguuni pangu, maji yakanirukia.
"Haya fundi. Mnyweshe mwanao."
Nikacheka.
Yeye hakucheka, alikuwa anakunja kata,
anarudi kuchota ya pili.