Sifa za Waraka

Gwakisa, nilikufuta.
Naapa nilikufuta, usiku ule wa mvua ya Tukuyu
isiyojua kuchoka, bati likinguruma
hata mwanangu akalala ameziba masikio.
Nilikuwa nimeandika: Gwakisa wa kwenye mizani
ndiye aliyenionyesha kishale
kinavyoanza safari nyuma ya sifuri,
kilo mbili kila gunia, tangu masika ya mwaka juzi.
Kisha nikaogopa. Nikarudi nyuma herufi kwa herufi,
na mahali pako nikaandika: Inasemekana.

Inasemekana! Neno zuri, halina mama wala kijiji.
Chini nikaweka: Mkulima.
Wakulima wa chai hapa tuko wangapi?
Nikajiona nimejificha
kama jani ndani ya gunia la majani.
Nikautuma.

Sikujua waraka una sifa.
Nilidhani sifa ni za bibi harusi,
za marehemu,
za ng'ombe wa mahari anayezungushwa uani
huku wajomba wakimshika nundu.

Yule kijana wa ofisini, Lusekelo, mwenye miwani,
alibofya mara moja tu upande wa kulia,
na waraka ukaanza kujisifu mbele ya kamati nzima:
Mwandishi: Ambakisye Mwaisumo.
Muda wa kuhariri: saa nne na dakika kumi na moja.
Umehifadhiwa: saa nane na dakika thelathini na saba za usiku.

Ambakisye!
Mwenyekiti akavua kofia.
Mwalimu yuko chini ya migomba mwaka wa tatu huu,
mwenyekiti mwenyewe alimwaga udongo.
Mmoja akasema, wachawi nao siku hizi
wanatumia kompyuta.
Hakuna aliyecheka.

Kompyuta ni yake, Gwakisa.
Siku aliyoinunua Mwanjelwa ilimuuliza jina,
naye akaijibu kwa adabu, herufi kubwa mwanzoni,
kama alivyoandika kwenye mpini wa jembe, kwenye ndoo,
ndani ya kola ya koti tulilomzika nalo.
Tangu afe, kila nilichokiandika,
barua ya karo, ombi la bomba la maji,
mashairi mawili ya kipumbavu ya kumlilia,
mwandishi ni yeye.
Waliponieleza nililia kidogo. Si kwa hofu.

Ningependa hadithi iishie hapo.

Lakini kijana hakutosheka na marehemu.
Alifungua kitu kinaitwa mabadiliko,
na pale, kwa rangi nyekundu, mstari ukikupita katikati
kama kuku aliyechinjwa ambaye bado anatembea,
ukatokea wewe:
Gwakisa wa kwenye mizani.

Mimi sikuwahi kukiwasha kitu hicho.
Alikiwasha mwalimu, kwa ajili ya insha za darasa la saba.
Alitaka kosa libaki likionekana.
Asiyeliona kosa lake, alikuwa akisema
akipuliza chai, atalirudia.

Ijumaa wakakupa bahasha ya mshahara, nusu mwezi,
bila barua, bila sababu.
Hao wanajua kutoandika.
Mama yako nilimwamkia sokoni, Ugonile,
akaitika kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.
Jana nimepeleka majani. Mezani kuna mtoto mgeni,
hajui hata kushika kalamu ya hesabu.
Kishale bado kinaanzia nyuma ya sifuri.

Ndiyo maana haya nayaandika kwa mkono,
karatasi ya daftari, taa ya chemli, umeme umekatika tena.
Nitampa mdogo wako akuletee huko Kiwira.
Pale juu, baada ya jina lako, nimekata neno moja.
Lilikuwa samahani.
Nililiandika, nikaliona dogo, nikalipiga wino mara mbili.
Liinue kwenye mwanga.
Bado linasomeka.