Uvunguni

Delphine anatambaa kwa tumbo chini ya sebule yake,
tochi mdomoni, futi kamba mkononi.
Ni Oktoba; ardhi ya Maine haijaganda bado.
Sentimita arobaini, boriti hadi boriti:
anaandika kwa penseli palepale kwenye mbao.
Turubai la nailoni kwanza, unyevu usipande,
kisha sufu ya kioo,
kisha, Mungu akipenda, pesa.

Kwenye kona, magazeti yameshindiliwa.
Armand huyo, kipupwe chake cha mwisho,
akiziba pale mkono ulipofika.
Anayavuta. Yananuka panya na tumbaku.
Anayarudisha.

Juu, mbwa anakwaruza sakafu, anamtafuta.
“Nipo,” anasema, “miguuni pako.”
Halafu anajumlisha upya,
akipunguza shubiri moja.