Maji Unayoyavalia Nguo

Mezani kwa kaka yangu Rosamel, Chillán, usiku wa Juni,
jiko la kuni linatafuna unyevu, na ramani
tumeikandamiza kwa kopo la gundi, kwa kikombe,
na kwa goti la Maite asiyetaka kulala.

Waliosema walisema: maji ukiyavulia nguo
sharti uyaoge.
Hawakuyaona haya.
Haya unayavalia:
suti ya mpira, milimita tano kifuani,
soksi za mpira, glavu, kofia inayobana masikio
hadi usikie damu yako ikitembea.
Yanatoka kusini, chini kabisa, kwenye barafu,
yanapanda kandokando ya pwani bila haraka,
na hata Januari
hayajapata habari kwamba kuna jua.

Rosamel anaandika, mwandiko wa fundi baiskeli:
Petroli, peso elfu arobaini.
Nta laini ya kupaka ubao, vipande vitatu
(ile ngumu huku hugeuka jiwe la kusugulia visigino).
Viazi. Vitunguu. Kamba ya kufungia mbao.
Kiraka cha suti ya Yessenia, pale gotini
palipochanwa na mwamba mwaka juzi,
na tangu hapo maji huingia kama mpangaji
asiyebisha hodi.

Yessenia hataki kiraka. Anataka suti mpya.
Suti mpya ni wiki tano za kuchuma cheri,
na cheri ziliisha tangu Januari.
Wanabishana. Mimi naangalia ukurasa wa nyuma:
orodha ya mwaka jana, viazi vilevile,
kamba ileile, kisha mstari mmoja
wa wino mzito: *gia imekufa.*
Mipango si matumizi.

Kuna picha za kukisia mawimbi, zambarau na nyekundu,
vishale, sekunde kumi na nne kati ya wimbi na wimbi.
Tunazisoma zote.
Halafu tunampigia Bi Eduvijes wa Buchupureo,
mkata mwani, anayetukodisha chumba
juu ya banda lake la kukaushia,
ambaye hajawahi kulalia ubao hata nchi kavu.

"Bahari ikoje, Bi Eduvijes?"
"Usiku vikombe vimegongana kabatini."
Rosamel anaandika: mita tatu. Anafikiri. Na nusu.
"Na upepo?"
"Shuka zangu zinaelekea majini."
Upepo wa bara, ule unaolisimamisha wimbi
likasubiri kama mtu aliyeshikwa bega.
"Na watu?"
"Wawili, wa Concepción. Mmoja katoka majini
hawezi kushika kijiko.
Nimemnywesha supu kama kifaranga."

Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Mnakuja kweli, au ni kule kuja kwenu kwa mdomo?
Maana kama ni kweli nina ya kuagiza.
Betri nne kubwa za redio. Hamira.
Na gundi ya mpira, buti langu la kushoto linavuja."

Yessenia akaisogelea simu.
"Kwani ukienda kukata mwani unavaa nini?"
"Hilo buti. Suruali ya marehemu.
Soksi mbili za sufu, na ya tatu kukiwa na theluji milimani."
"Maji yanakufika wapi?"
"Yanaponifika kiunoni narudi.
Siku nyingine nasahau kurudi."

Hakuna aliyesema kitu. Maite alikuwa amelala,
shavu juu ya bahari, mate kidogo
karibu na kisiwa fulani kisicho na jina.
Yessenia akaichukua kalamu ya kaka yangu
akaongeza chini ya vitunguu:
gundi, tyubu mbili.
Akafuta mbili. Akaandika tatu.

Alhamisi, saa kumi alfajiri.
Rosamel ametoka na tochi kuiwasha pikapu,
si kwenda popote, kuisikiliza tu.
Imekohoa. Imekohoa tena.
Tumekaa kimya, vidole juu ya ramani,
tunangoja ya tatu.