Kidole Kwenye Donge

Saa kumi alfajiri, kiwanda cha mikate, Wrexham.
Nje barafu imeganda kwenye vioo vya magari;
ndani tanuri linapumua kama ng'ombe aliyeshiba.
Jina langu wamelikata kama wanavyokata mkate:
Mwanahawa nilipokuja, Hawa nilipozoeleka.

Glenys ndiye aliyenifundisha, mwaka ule wa kwanza:
bonyeza donge kwa kidole.
Likiruka mara moja, bado changa, liache liumuke.
Likirudi polepole, kama mtu anayeamka Jumapili,
liko tayari.
Lisiporudi, shimo likabaki shimo,
limengoja mno.

Barua ya pensheni imekuja na maneno ya adabu:
sitini na saba.
Mimi nina hamsini na tatu.
Nikahesabu kwa vidole vya mikono, vikaisha,
nikaazima vinne vya mguuni.
Miaka kumi na minne ya kubeba trei,
na goti hili la kulia
lina kauli yake kwenye kila ngazi.

Zbigniew alipiga moyo konde.
Mwanamume, alisema, haulilii mgongo.
Machi iliyopita tulimwokota kati ya makreti,
na mpaka leo mkewe ndiye anayemvalisha soksi.
Sikumcheka. Mimi pia nilidhani
kustahimili ni kuuma meno.
Meno yenyewe, mawili yamekwisha kung'oka.

Basi Jumatatu nikagonga mlango wa msimamizi,
kijana, rika la binti yangu Shamsa.
Nitoe kwenye trei, nikamwambia, niweke kwenye mizani.
Hotuba yote niliyoikariri kwenye basi
ilikuwa bado mdomoni kama tonge la moto
aliposema, "Sawa,"
akarudi kwenye kompyuta yake.
Miaka sita nimeiogopa sawa ile.

Akiba haiozi, mama alizoea kusema.
Hakuwahi kufanya kazi ya mikate:
huku siku ya tano kila kitu kimeota ukungu.
Hata hivyo nimefungua akaunti,
pauni ishirini kwa mwezi, naona haya kuzitaja,
na akiba nyingine ambayo benki haina habari nayo:
birika likianza kuvuma
nasimama kwa mguu mmoja kama korongo,
mkono karibu na meza, lakini siigusi.
"Ili usianguke ukiwa na themanini,"
alisema yule binti wa mazoezi ya viungo.
Themanini! Aliitamka kama mtaa
ambao tayari nimelipia kodi.

Juzi mzee Emrys wa nyumba ya pili
aliniona dirishani hivyo hivyo, mguu juu,
akapunga mkono asiulize kitu.
Leo asubuhi nimemwona naye,
mguu mmoja, pajama za mistari,
amelishika pazia kwa nguvu zote.

Glenys anastaafu mwezi wa tano.
Anasema atalala mpaka saa tatu,
halafu anasema hajui atafanya nini saa nne.
Nimemwambia aje kwangu, nitamfundisha kupika maandazi;
amenifundisha donge, nami nina deni.

Navua viatu. Kifundo kimevimba.
Nabonyeza kwa kidole, kama kazini,
nalitazama lile shimo dogo.
Birika limezima lenyewe.
Sina haraka. Natazama.
Linajaa, kidogo kidogo, kutoka pembeni.