Nilimwita Mara Tatu

Utaratibu ni mara tatu.
Nilitoka mlangoni, nikasimama ninaposimama siku zote,
kando ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto,
nikaita:
Sikujua Mwinshehe!
Wakageuka watu wa mirathi, wakageuka watu wa talaka,
askari mmoja akacheka: Hukujua nini, karani?

Sikujua Mwinshehe!
Benchi lake lilikuwa na mtu mwingine, anakula karanga.

Mara ya tatu niliita kwa sauti ya chini
kama mtu anayekiri.

Shauri aliliandika mwenyewe, wakili hana,
kwa kalamu ya bluu, karatasi zimechanwa kaunta buku,
mwandiko wa darasa la saba, herufi zimesimama wima
kama zinakaguliwa kucha.
Aya ya nne: mgambo walimwaga mafuta ya vitumbua, Mnazi Mmoja,
karai likapanda gari, na mimi nikapandishwa.
Aya ya sita: siku mbili ndani, kosa sikutajiwa,
jina langu hawakuliandika kitabuni.
Aya ya tisa: maziwa yalinijaa, mtoto yuko Mbagala.

Hapo wakili angeandika madhara, akaweka tarakimu.
Yeye aliandika maziwa.
Pembeni, kwa penseli: Katiba, ibara ya 15.
Nani alimwonyesha, sijui.

Alikuja Machi, hakimu yuko semina.
Alikuja Mei, wakili wa serikali ana udhuru.
Juni jalada halikuonekana
(lilikuwa chini ya chupa ya chai.
Nililitoa mimi, jioni, sikumwambia mtu).
Agosti wadaiwa wanaomba muda.
Oktoba wanaomba muda.
Kila mara baibui lile lile, kiraka kwenye kiwiko,
kila mara aliitika kabla sijalimaliza jina:
Nipo.

Siku moja hakuitika.
Mheshimiwa akaitazama saa ya ukutani,
ile inayokwenda mbele dakika kumi, na sote tunajua,
akasema, nikaandika:
Mdai hayupo, na hakuna taarifa.
Shauri linafutwa kwa kutoendeshwa.
Hakuna amri ya gharama.
Mistari mitatu. Kalamu haikukwama hata mara moja.

Saa nne kasoro robo akapanda ngazi za Kisutu
nakala nne mkononi, bado zina joto la mashine.
Umeme ulikatika kwenye kibanda cha fotokopi
na sisi hapa tunataka nakala nne,
tatu hatupokei.
Nipo, akasema.

Nikamwambia limefutwa.
Limefutwa kwa nini?
Nikaanza kumtajia kanuni, na kifungu chake kidogo,
akanikatiza taratibu, mkono juu ya meza yangu:
Siulizi sababu, baba. Limefutwa kwa nini?
Kwa raba? Kwa kitambaa?
Mimi niliandika kwa wino.

Miaka kumi na tisa nimelitumia neno hilo
na sijawahi kuliona limeshika kitambaa.
Ubao unafutwa. Meza inafutwa.
Machozi, mtu akiwa na wa kumfuta.
Nikamfungulia jalada. Maziwa yalikuwepo,
bluu, aya ya tisa, hakuna aliyeyagusa.
Juu yake tu, muhuri.

Ana siku thelathini kuomba lirejeshwe.
Hati ya kiapo, ada dirisha namba mbili.
Fomu imeshachapwa mwanzo wake: Mimi, nukta nukta nukta,
naapa na kusema kwamba.
Akajaza penye nukta, nami nikasoma kichwa chini miguu juu:
Mimi, Sikujua, naapa.

Chini yake sababu, mistari mitano.
Akaihesabu kwa kidole.
Akaniuliza kama karatasi inaruhusiwa kugeuzwa,
aendelee nyuma.
Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kanuni hazisemi.
Nikampisha kiti changu, nikasimama
kando ya ndoo ya mchanga.
Ndani walishaanza kuniita.