Sekunde Nne

Mjomba Likwata alikuwa fundi wa mashine kwenye gari la sinema,
gari la kijani lenye spika mbili juu kama masikio ya punda,
na kazi yake, alisema mwenyewe, ilikuwa kuombea giza liwahi.

Leo shuka linafungwa ukutani Temeke, kesho Ilala, keshokutwa Buguruni.
Watoto mbele, mchangani.
Wakubwa nyuma na vigoda vyao.
Wachelewaji upande wa pili wa shuka,
ambako kila mtu kwenye picha anatumia mkono wa kushoto.

Wote wamefuata ile ndefu, ya farasi na bastola.
Lakini kwanza sharti ioneshwe ile fupi:
dakika tisa, nyeusi na nyeupe,
namna ya kuchemsha maji ya kunywa.
Bwana mmoja wa kaptura anawasha moto,
anangoja,
anangoja,
sufuria inatokota. Basi.
Watu wanaguna: Tumesikia! Leteni farasi!

Farasi walikatika. Kila wiki mkanda ulikatika,
mjomba akaunga kwa gundi na subira,
hata ile ndefu ikawa inapungua usiku hadi usiku,
jambazi anaanguka kabla hajapigwa risasi.
Ile fupi haikukatika hata mara moja.
Walidhani ni bahati.

Miaka mingi baadaye, wodini Mwananyamala,
mkono wake ukiwa na dripu, ndipo akaniambia.
Dakika ya sita, nyuma ya bwana wa kaptura,
anapita mwanamke na ndoo kichwani.
Hakuambiwa apite. Si mchezaji.
Anageuka, anaitazama kamera
kama anayetaka kuuliza bei,
kisha huyo, kaenda zake.
Sekunde nne.
"Yule bibi yako," akasema.
"Picha nyingine hana, popote."

Kumbe ndiyo maana aliufuta ule mkanda kwa kipande cha khanga,
ndiyo maana mitaa ya Dar ilifundishwa kuchemsha maji
mpaka ikachoka,
kwa sababu ya kijana mmoja aliyefiwa na mama.

Mkanda wenyewe sijauona.
Nimeulizia ghala mbili. Karani wa pili alinusa hewa,
akasema, "Dada, unyevu," akafunga daftari.

Na mimi natengeneza fupi.
Watu wananiuliza, filamu yenyewe lini?
Kana kwamba fupi ni posa na ndefu ndiyo ndoa.
Muuza filamu wa Kariakoo aligeuza flashi yangu vidoleni:
"Sehemu ya pili ipo?"
Haipo.
Akanirudishia kama noti iliyochanika.

Hii ya mwisho ni Bi Mwasiti, fundi cherehani wa Tandika,
anatia uzi kwenye sindano na macho yake yenye ukungu.
Zilikuwa dakika kumi na nane.
Nikamkata mwanawe, nikaikata mvua,
nikaukata muziki, na muziki niliulipia.
Zikabaki tano: kidole, uzi, tundu.

Tuliionesha uani Magomeni, Jumamosi, kwa jenereta la kuazima.
Uzi ulipokosa tundu mara ya tatu, ua mzima ukainuka:
"Lowesha! Lowesha mate!"
"Hapohapo, mama, hapohapo!"
Jirani yangu Chambuso, mtu wa madeni na ugomvi,
alikuwa ameshika hewa kwa vidole viwili.
Uzi ukagusa tundu.
Giza.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja akauliza,
"Halafu?"
Nikasubiri mtu mzima amjibu, hakuna.
Kutoka upande wa pili wa shuka, kwa wachelewaji,
Bi Mwasiti mwenyewe akacheka:
"Halafu nikashona. Ulitaka nifanyeje?"

Sijui kuieleza sanaa hii zaidi ya hapo.
Ila kila ninapoisimamisha kamera,
nyuma ya mtu ninayemrekodi naacha njia,
sifungi mlango, simfukuzi apitaye.
Naacha upana wa ndoo.